Bendera ya Mjapani ndani ya sanduku la babu (Keya, Burma 1944): nimjueje mwenyewe, na nairudishaje?

#1 Binti_Songea

Wakuu, habari za leo.

Babu mzaa baba alikuwa Keya (K.A.R., King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), akaenda Burma (Myanmar ya leo), akarudi, akalima hadi alipofariki 1991. Sanduku lake la bati limekaa chini ya kitanda cha shangazi miaka yote hii. Mwezi uliopita mchwa walianza kupanda miguu ya kitanda, ikabidi tulifungue.

Ndani kulikuwa na kitabu chake cha kuachishwa jeshi, kimeandikwa 36 (TT) K.A.R., yaani batalioni ya 36 ya Tanganyika Territory, medali nne, noti kumi na moja zenye maneno ya Kiingereza yanayotaja Serikali ya Japani, kitambaa kirefu kama mkanda chenye vifundo vingi vya uzi mwekundu, na chini kabisa, ndani ya gazeti lililogeuka rangi ya chai, kitambaa cheupe chembamba sana chenye duara jekundu katikati. Kukiweka mkononi ni kama hujashika kitu. Kuzunguka duara kuna maandishi ya wino mweusi yanayotoka katikati kwenda nje pande zote. Kona mbili zimeshonewa vipande vya ngozi vya pembetatu. Upande mmoja kuna doa la kahawia.

Shangazi anasema kila mwaka masika ikiisha, babu alikuwa akiianika kivulini kwa muda mfupi, halafu anaikunja kwa mikunjo ileile. Watoto hawakuruhusiwa kuigusa. Walipomuuliza ni nini, alijibu mara moja tu: "Huyu alikuwa na watu wengi."

Baba mdogo anataka ichomwe, anasema ni ya maiti. Binamu anataka iuzwe. Mimi nataka irudi kwao, sijui pa kuanzia. Picha nimeweka, jina kubwa la pembeni nimelifunika.

#2 Chui_Mweusi

Hiyo ni bendera ya jeshi la Japani, ile ya miale. Wazungu wanazinunua kwa dola nyingi. Binamu yako ana akili.

#3 MzeeWaKumbukumbu

Chui, tazama picha kwanza kabla ya kuweka bei. Bendera ya jeshi ya miale ina miale myekundu iliyochapwa. Hii ni bendera ya taifa ya kawaida, na hiyo unayoiona kama miale ni majina ya watu. Wajapani huiita *yosegaki hinomaru*. Kijana akiitwa jeshini, ndugu, majirani, walimu na wafanyakazi wenzake waliandika majina yao na maneno ya kumtakia heri. Aliikunja akaivaa mwilini, ndani ya shati au kofia. Haikuwa mali ya serikali, ilikuwa ya mtu mmoja mwenye jina, na jina hilo mara nyingi limo humohumo.

Kauli ya babu yako imenigusa. Alikuwa ameshaelewa.

#4 Chui_Mweusi

Sawa mzee, nimekosea kuhusu miale. Kuhusu bei sijakosea.

#5 Nduku_wa_Machakos

Binti Songea, pole na hongera. Huku Ukambani zipo nyumba kadhaa zenye vitu kama hivi. Babu yetu aliacha kipande cha shaba cha mviringo wa yai, matundu mawili, herufi zimegongwa kwa mkono. Tulidhani ni hirizi. Baadaye tukaambiwa ni kitambulisho cha askari wa Kijapani. Tukafurahi tukidhani tutampata mwenyewe. Wapi! Hakina jina, ni namba ya kikosi na namba ya mtu tu.

#6 MzeeWaKumbukumbu

Nduku, ndivyo vilivyokuwa kwa askari wa kawaida. Maofisa ndio waliogongewa majina. Ndiyo maana nasema binti amebahatika: bendera inaongea kuliko shaba.

#7 Ssebo_Kla

Hapa Kampala tuna upanga. Mpini wake ni wa madini uliopakwa rangi kuiga kamba zilizosokotwa, na kwenye bapa kuna namba. Mjomba anasema namba hiyo ndiyo ya mwenyewe, tukiipeleka Japani watamjua.

#8 FundiSaa

@Ssebo_Kla hapana ndugu yangu. Huo ni upanga wa sajini uliotengenezwa kiwandani, na namba ni ya kiwanda. Hata panga za maofisa zilizofuliwa kwa mkono, jina linalochongwa kwenye shina lililofichwa ndani ya mpini ni la mfua chuma, siyo la aliyeuvaa. Watu wengi wanakosea hapo. Jina la mwenyewe utalipata ikiwa kuna kijibao au kitambaa kilichofungwa siku ya kusalimisha silaha 1945.

Mawili ya kuzingatia. Kutu ya shina usiisugue, ndiyo inayosaidia wataalamu kukadiria umri. Pia usiuposti kwenda Japani. Sheria yao ya silaha ni kali, na panga za kiwandani hazisajiliwi kule. Ukifika forodhani utaishia kuharibiwa.

#9 Ssebo_Kla

Webale nnyo. Mjomba atanuna, ila nitamwambia.

#10 Mbongo_Saitama

Salaam. Naishi Japani mwaka wa kumi na moja. Nimeikuza picha ya bendera na kumwonyesha mama mwenye nyumba wangu, ana miaka 79 na anayasoma haya maandishi ya zamani kuliko mimi.

Juu kabisa kuna herufi nne kubwa: *buun chōkyū*, maana yake bahati ya vita idumu. Iko karibu kwenye kila bendera ya aina hii, haisaidii kumjua mtu. Pembeni ulikofunika ndiko linakokaa jina la anayepewa, na baada yake herufi ya heshima, ambayo imejitokeza kidogo. Kushoto kuna mwaka: Shōwa 17, yaani mwaka wa 17 wa enzi ya mfalme wao wa wakati ule. Ukijumlisha 1925 unapata 1942. Muhuri mwekundu uliofifia ni wa hekalu la Kishinto. Nimepata pia maneno ya chama cha wanawake cha ulinzi wa taifa, ila jina la kijiji kabla yake limekatwa na mkunjo.

Majina ya walioandika ni kama arobaini. Tisa wana jina moja la ukoo. Nitumie jina faragha, usiliweke hapa.

#11 Binti_Songea

Nimekutumia. Mkuu, mikono inatetemeka. Mwaka 1942 ndio mwaka babu yangu alioandikishwa.

#12 Mama_Neema

Kabla hamjaendelea, tafadhali mtu asiifue hiyo bendera! Sisi tulikuwa na ya baba mkwe. Wifi yangu, kwa nia njema kabisa, akaiona chafu akailoweka na sabuni ya mche. Nilikuta maji ya beseni yamekuwa ya kijivu kama maji ya mkaa, na kitambaa cheupe pe, duara jekundu limebaki peke yake. Alikuwa anafurahi imetakata. Majina yote yalikuwa kwenye yale maji aliyokwenda kumwagia migomba.

Mpaka leo sijamwambia yalikuwa nini.

#13 FundiSaa

Pole sana mama. Kwa wengine: usifue, usipige pasi, usigandishe na selotepu, usifunge kwenye nailoni. Karatasi nyeupe safi, mahali pakavu, gizani. Piga picha kwa mwanga wa mchana bila flashi, nzima kwanza, kisha robo kwa robo. Wino uliofifia wakati mwingine husomeka kwa kamera ya infraredi, maana wino wa masizi unashika mwanga ule hata jicho likiwa halioni kitu.

#14 Kiroboto_wa_Historia

Swali ambalo hakuna aliyeligusa: babu aliipataje? Kikosi chake tunakijua. Batalioni ya 36 ilikuwa Brigedi ya 26, pamoja na ya 22 ya Nyasaland na ya 44 ya Uganda, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa alama ya kichwa cha kifaru. Walikaa Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwanza, wakaingia Burma katikati ya 1944 baada ya Wajapani kuvunjika Imphal na Kohima huko India, wakateremka bonde la Kabaw wakati wa mvua, chakula kinadondoshwa na ndege. Desemba walikuwa Kalewa wanavuka mto Chindwin. Huko lilijengwa daraja la Bailey (la vipande vya chuma vya kuunganisha) la zaidi ya futi 1,100, refu kuliko yote ya aina hiyo wakati ule.

Kwenye bonde lile Wajapani wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa, malaria na kuhara wakiwa wanarudi nyuma. Askari wetu waliwakuta wamelala kando ya njia. Nadhani babu aliichukua kwa mtu aliyekwisha kufa. Doa ni damu.

#15 Chui_Mweusi

Au alimuua mwenyewe. Tuseme ukweli, ilikuwa vita.

#16 Nduku_wa_Machakos

Au aliinunua. Babu yetu alisema askari walikuwa wakibadilishana vitu wakiwa likizo India: sigara kwa saa, saa kwa bendera. Kuna waliorudi na vitu vya Kijapani na hawakumwona Mjapani hata mmoja.

#17 FundiSaa

Kuna jambo jingine la kupima. Wakati ule wapo askari walioshona bendera za uongo wakawauzia marubani na mabaharia waliotaka kumbukumbu. Lakini za uongo huwa na maandishi ya ovyo, mkono mmoja umeandika yote. Mbongo, hii ni mikono mingapi?

#18 Mbongo_Saitama

Mingi. Kuna anayeandika kama mwalimu, kuna ambaye dhahiri hakuzoea brashi, wino umemwagikia herufi ya jirani. Hii ni ya kweli.

#19 Binti_Songea

@Chui sijakasirika. Hata mimi nimewaza hivyo usiku. Babu hakuwahi kusimulia. Shangazi ndiye anapinga kwamba doa ni damu, anasema ni kutu ya sanduku kwa sababu liko upande uliogusana na kifuniko. Baba mdogo anasema ni damu. Nimelitazama sana, kwangu linafanana na yote mawili.

#20 MzeeWaKumbukumbu

Kitambaa cha vifundo vyekundu kimesahauliwa. Huo ni mkanda wa mishono elfu, *senninbari*. Mama, dada au mke alisimama barabarani au stesheni akiomba kila mwanamke anayepita afunge kifundo kimoja, hadi vitimie elfu moja. Aliyezaliwa mwaka wa chui mwenye milia aliruhusiwa kufunga vingi kulingana na umri wake, kwa sababu husemwa mnyama huyo huenda mbali sana na hurudi. Askari aliuvaa tumboni.

Binti, papasa uone kama kuna sarafu imeshonewa. Walipenda ya sen tano (sen ni senti yao). Sen nne hutamkwa karibu sawa na "mstari wa kifo", kwa hiyo tano ni kuuvuka.

#21 Binti_Songea

Ipo!!! Ndogo, ina tundu katikati, imeshonewa kwa ndani. Shangazi alidhani ni kifungo.

#22 Ssebo_Kla

Na Idi Amin naye si alikuwa Burma huko? Nimesoma mahali.

#23 Kiroboto_wa_Historia

Alipenda kusema hivyo, lakini aliingia Keya 1946, vita imekwisha. Mwenye jina kubwa ambaye kweli alikuwa Burma ni Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mau Mau.

#24 Chui_Mweusi

Tumeanza na bendera tumefika kwa Amin. Ssebo, huwezi kukaa uzi mmoja bila kumtaja.

#25 Mwana_Pwani

Nimesoma kimya tangu mwanzo, leo naomba niseme. Mnahangaika kumrudishia Mjapani kitambaa. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka hapa Mombasa kwenda Colombo, imebeba watu zaidi ya 1,500, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa karibu 1,300. Kaka wa bibi yangu alikuwa humo. Hakuna kilichorudi, hata kofia. Na askari waliorudi vitani wakalipwa kiinua mgongo kwa rangi ya ngozi, Mzungu mara tatu ya Mwafrika wa cheo hichohicho. Nani anatutafuta sisi?

#26 Binti_Songea

Mwana Pwani, pole sana kwa bibi. Sina jibu la kukutosha. Ila swali lako ndilo linalonifanya nitake irudi. Bibi yako angepewa kofia ile, angeikataa?

#27 Mwana_Pwani

Asingeikataa. Angelala nayo.

#28 Mbongo_Saitama

Niongeze hapo. Wajapani waliokufa nje ya nchi yao katika vita ile ni kama milioni 2.4, na mabaki ya watu kama milioni 1.1 hayajarudi hadi leo. Nyumba nyingi zililetewa kisanduku cha mbao kimefungwa kitambaa cheupe, ndani kuna jiwe, au mchanga, au karatasi yenye jina. Mama mwenye nyumba wangu ana kisanduku hicho cha baba yake. Alipokuwa ananisomea bendera yenu aliomba kwanza akanawe mikono.

#29 Kiroboto_wa_Historia

Mimi naona makumbusho ndiyo mahali pake. Historia ya Keya Burma haijulikani kwa vijana wetu. Bendera ikienda Japani, inakuwa kumbukumbu ya familia moja. Ikibaki Dar, watoto elfu wataiona na kuuliza.

#30 Mama_Neema

Wataona kitabu cha babu na medali zake, hizo ndizo zetu. Za watu ni za watu.

#31 MzeeWaKumbukumbu

Wote mna hoja. Njia za kurudisha ninazozijua ni hizi. Kuna OBON Society, makao yao Astoria, Oregon, Marekani, wameshaunganisha mamia ya bendera na familia. Walioianzisha ni mume na mke, Rex na Keiko Ziak. Babu yake Keiko alifia Burma, na bendera yake ikarudi kwao 2007. Unawatumia picha na maelezo uliyonayo, wana wasomaji wa maandishi ya zamani, kisha wanatafuta ukoo kule Japani. Hawatozi ada, kwa hiyo akitokea mtu anakuomba "gharama za utafiti" mkimbie. Njia ya pili ni ubalozi wa Japani. Wizara yao ya Afya, Kazi na Ustawi ndiyo inayoshughulika na mabaki na vitu vya marehemu wa vita. Si kila kitu hupata mwenyewe, na inaweza kuchukua miaka.

#32 Nduku_wa_Machakos

Kuhusu watu wa "gharama", nathibitisha. Mtu mmoja mtandaoni alituambia ni mtafiti, tumtumie shaba aikague. Hatujaiona tena.

#33 Kiroboto_wa_Historia

Noti je? Zinaweza kumtambulisha mtu?

#34 FundiSaa

Hapana. Zikiwa zinaanza na herufi B ni rupia za Burma walizochapa Wajapani kwa ajili ya nchi waliyoiteka. Zilichapwa kwa wingi mno na vita ilipokwisha hazikununua hata chumvi. Hizo binamu anaweza kuzichukua.

#35 Mbongo_Saitama

Binti, habari mpya. Jina la mwenyewe linasomeka kwa namna mbili, herufi zao ndivyo zilivyo, mtu akiwa hayupo hakuna wa kukuambia alijiita vipi. Lakini kijiji tumekaribia. Mama mwenye nyumba ameona nusu ya herufi inayoweza kuwa ya mkoa wa Ibaraki.

#36 Kiroboto_wa_Historia

Inaingia akilini! Divisheni ya 33 ya Wajapani ilikuwa na regimenti ya 213, watu wa Mito, Ibaraki. Na mabaki ya Divisheni ya 33 ndiyo waliyokutana nayo wetu.

#37 FundiSaa

Tusikimbie. Nusu ya herufi siyo mkoa. Na kama Nduku yuko sahihi kwamba ilinunuliwa, basi mwenyewe angeweza kuwa kikosi chochote, hata kisichofika Kabaw.

#38 Nduku_wa_Machakos

Lakini mtu akinunua atapata bendera na mkanda wa mtu mmoja pamoja? Nimeanza kujipinga mwenyewe.

#39 Chui_Mweusi

Nani kasema ni vya mtu mmoja?

#40 Binti_Songea

Wakuu, jana jioni niliinua bendera mbele ya dirisha ili nitazame mkunjo ule. Kona ya chini kushoto, karibu na ngozi, kuna alama tatu ambazo hazifanani na nyingine. Ni kubwa, zimepinda, moja imekaribia kutoka nje ya kitambaa, na ni mistari michache tu, siyo zile herufi nzito. Mbongo, ni nini hizo? Nimekutumia.

#41 Mbongo_Saitama

Hiyo ni katakana, mwandiko mwepesi wa Kijapani. Watoto wa shule wa wakati ule ndiyo walikuwa wakianza nayo. Ni mtoto ameandika jina lake, la kwanza tu, bila ukoo. Herufi ya mwisho haionekani vizuri.

#42 Mama_Neema

Mtoto wake?

#43 MzeeWaKumbukumbu

Au mdogo wake. Au mwanafunzi wake kama alikuwa mwalimu. Au wa jirani tu aliyeng'ang'ania brashi.

#44 Mwana_Pwani

Kama alikuwa na miaka sita 1942, huenda yupo hai.

#45 Mbongo_Saitama

Binti, naomba picha ya kona ile tu, juani, bendera ikiwa imeinuliwa mwanga upite kwa nyuma. Nikiipata herufi ya tatu nitaambatisha na maelezo ya Oregon.

#46 Binti_Songea

Huku mvua tangu asubuhi. Jumamosi, jua likitoka. Baba mdogo amesema atakuja kuishika.